Bahasha za zamani zisikatwe stempu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie uharibifu unaofanywa kila siku bila mtu kuukemea. Bahasha za zamani zinauzwa na kununuliwa kwa wingi siku hizi, katika maduka ya vitu vya kale na kwenye mitandao ya simu, na mara nyingi muuzaji huanza kazi yake kwa mkasi: hukata pembe yenye stempu, kisha bahasha yenyewe huitupa. Wapo pia wanaoiloweka pembe hiyo katika maji ya vuguvugu mpaka gundi iachie, wakabaki na kijikaratasi chenye picha ya mfalme na meno pembeni. Mimi nilifanya kazi ya posta hadi nilipostaafu, na nimekusanya stempu tangu ujana wangu, na nasema kwa uhakika kwamba stempu iliyotengwa na bahasha yake imepoteza karibu kila jambo ambalo ingeweza kutueleza. Nawaomba wasomaji waliache zoezi hili mara moja, na nitaeleza sababu kwa kuichunguza bahasha moja iliyo mezani kwangu wakati ninapoandika.

Ni bahasha ndogo ya karatasi nyepesi, ambayo kwenye mikunjo imegeuka rangi ya chai. Pembe ya juu kulia ina stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, za mfululizo ulioanza kutolewa mwaka 1938, nazo zimegongwa muhuri wa duara wa Dar es Salaam wenye tarehe 17 Julai 1940. Juu kushoto pamebandikwa kile kibandiko cha buluu cha barua za ndege. Ubavu wa kushoto ulikatwa, kisha ukafungwa upya kwa utepe wa karatasi wenye maandishi ya Kiingereza yanayoeleza kwamba barua ilifunguliwa na mkaguzi, na chini ya maandishi hayo kuna alama P.C. 90. Nyuma hakuna muhuri wa posta ya kupitia wala wa posta ya kufikia. Barua iliandikiwa mtu wa Uingereza, ambaye jina lake sina sababu ya kulitaja, na huko nyuma mtu mmoja wa nyumba hiyo aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo sana, kwamba ilipokelewa tarehe 11 Septemba. Mkusanyaji aliyeniuzia aliambatanisha karatasi yake ya maelezo, na maelezo yenyewe ni mafupi: barua ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi London.

Tarehe hizo mbili hazikubaliani na maelezo hayo. Kutoka 17 Julai hadi 11 Septemba ni siku 56, yaani wiki nane kamili, ilhali mwaka mmoja tu kabla ya hapo barua ya ndege kutoka pwani yetu ilifika Uingereza kwa chini ya wiki moja. Mtu anaweza kusema kwamba wakaguzi wa barua wakati wa vita waliichelewesha. Ukaguzi ulichelewesha barua, ni kweli, lakini ukaguzi peke yake hauelezi wiki nane, na mchunguzi makini hapaswi kuridhika na jibu la kwanza linalomjia kabla hajajua ni ndege gani zilizokuwa zikiruka juma lile na zilikuwa zikielekea wapi.

Usafiri wa barua kwa ndege baina ya Uingereza na Afrika Mashariki kwa ratiba ya kudumu ulianza tarehe 28 Februari 1931, ndege ya Imperial Airways ilipoondoka Croydon, karibu na London, kwa safari ambayo kituo chake cha mwisho kilikuwa Mwanza. Wengi hushangaa kusikia kwamba Mwanza ilikuwa mwisho wa njia hiyo kabla Nairobi haijawamo, lakini sababu yake inaeleweka: sehemu ya kutoka Khartoum kuja kusini iliendeshwa na ndege za kutua majini, nazo zilifuata mto Nile hadi Ziwa Victoria. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na kutoka hapo hadi Mwanza zilisafirishwa barua tu. Mwezi Januari 1932 njia ilifikishwa Cape Town, ikapita Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kwa ndege za nchi kavu, na Mwanza ikaachwa pembeni. Miji ya pwani ilihudumiwa na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bi Florence Kerr Wilson, ambazo ziliunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Badiliko kubwa zaidi kwa watu wa pwani lilikuja tarehe 29 Juni 1937. Siku hiyo ulianza mpango ambao chini yake barua zote za kawaida baina ya Uingereza na makoloni ya njia hii zilipandishwa ndege bila malipo ya ziada. Kwa anayeandika kutoka Uingereza, nusu aunsi, yaani takriban gramu 14, ililipiwa peni moja na nusu. Ndege mpya kubwa za kutua majini ziliiacha njia ya Nairobi na Dodoma, zikatoka Kisumu hadi Mombasa, kisha Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira na Lourenço Marques (Maputo ya leo), na kuishia Durban. Ndege hizo zilitua ndani ya bandari, mbele ya macho ya wavuvi na makuli. Mpango huo haukudumu. Vita vilipoanza Septemba 1939 ulisitishwa, na barua ya ndege ikarudi kuwa huduma ya kulipiwa zaidi, ambayo kutoka Uingereza iligharimu shilingi moja na peni tatu kwa nusu aunsi.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo ufunguo wa bahasha yangu. Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Bahari ya Mediterania ikafungwa kwa ndege za Uingereza za abiria na barua. Ndege zilizokuwa upande wetu hazikuweza tena kufika Ulaya. Siku chache baadaye BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways, lilianzisha njia mpya kutoka Durban, ikapanda pwani yetu na maziwa yetu hadi Khartoum na Cairo, ikapinda kuelekea Basra, Karachi, Calcutta na Singapore, na kuishia Sydney. Waliitazama kwenye ramani wakaipa jina la kiatu cha farasi. Uingereza haikuwamo katika njia hiyo. Kwa hiyo barua za kwenda Uingereza kutoka kwetu, ambazo miaka yote zilikuwa zikielekea kaskazini, ziligeuzwa: zilipakiwa kwenye ndege iliyokuwa ikishuka kusini hadi Durban, na kutoka Afrika Kusini zikaendelea kwa meli, kwa bahari ya Atlantiki, chini ya tishio la manowari za Wajerumani.

Sasa tarehe zinakaa mahali pake. Barua iliyotiwa posta Dar es Salaam katikati ya Julai 1940 iliruka siku chache tu, tena kwa kuipa Uingereza mgongo, na wiki nyingi zilizobaki ilikuwa kwenye meli au ikisubiri meli. Nimezipima njia nyingine zilizowezekana. Kama ingepelekwa kaskazini hadi Cairo ingekwama huko, na mwishowe ingelazimika kuja kuizunguka Afrika yote kwa meli. Njia ya anga ya kutoka Uingereza hadi Lagos ilifunguliwa baadaye mwaka huohuo, na nafasi yake ilibanwa na abiria na mizigo ya serikali. Ilikuwapo njia ndefu ya kupita Asia na kuvuka Pasifiki na Marekani kwa ndege za Pan American, lakini hiyo ilihitaji malipo makubwa mno, na stempu za bahasha hii ni za barua nyepesi ya njia ya kawaida. Kwa hiyo maelezo ya muuzaji yanapaswa kusahihishwa: kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Durban, na kwa meli kutoka Afrika Kusini hadi Uingereza. Jina la meli silitaji, kwa kuwa bahasha hainipi haki hiyo, na ni heri maelezo mafupi yenye ushahidi kuliko marefu ya kubahatisha.

Hebu tufikiri mtu angefanya nini kama angeikuta bahasha hii akiwa na mkasi mkononi. Angebaki na stempu tu, na stempu zenyewe ni za kawaida sana, zilichapishwa kwa wingi na kila mkusanyaji anazo. Isitoshe, stempu hizi zilitumika katika nchi tatu. Posta ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda mwaka 1933, stempu za pamoja zikaanza mwaka 1935, na kuanzia hapo stempu ileile ilinunuliwa Kampala, Kisumu au Mbeya bila tofauti yoyote usoni. Kinachotofautisha ni muhuri, na muhuri wa duara mara nyingi huangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi ya bahasha. Anayekata stempu anaukata na muhuri, akabaki na herufi mbili tatu za jina la mji na tarakimu moja ya tarehe. Kibandiko cha buluu kingetupwa, utepe wa mkaguzi ungetupwa, na ule mstari wa penseli wa nyuma, ambao ndio ulioniwezesha kujua safari ilichukua muda gani, ungeingia motoni pamoja na takataka.

Napenda nikazie jambo moja kuhusu kile kibandiko cha buluu, kwa sababu linawapotosha hata wakusanyaji wazoefu. Mkutano wa kimataifa wa posta za ndege uliofanyika The Hague mwaka 1927 ulikubaliana kwamba barua za ndege zitambulishwe kwa kibandiko cha buluu, na tangu hapo watu wamekichukua kama hati ya kuthibitisha kwamba barua iliruka. Kwa kweli kinaonyesha tu kile ambacho mwandishi wa barua alikitaka na kukilipia. Bahasha yangu inacho, na sehemu kubwa ya safari yake ilikuwa baharini. Kwa upande mwingine, barua ya kwenda Uingereza ya kati ya katikati ya 1937 na Septemba 1939 inaweza kuwa haina kibandiko wala neno lolote la ndege, ikaonekana kama barua ya meli, na kumbe ilikwenda kwa ndege, kwa kuwa wakati huo barua zote za kawaida zilikwenda kwa ndege. Hata miaka ya kabla ya hapo, abiria na mifuko ya barua walivuka sehemu ya Ulaya kwa treni kutoka Paris hadi Brindisi, na hakuna aliyeacha kuziita barua za ndege. Anayetaka kujua barua ilikwendaje hana budi kuilinganisha tarehe ya muhuri na ratiba za wakati huo, pamoja na malipo yaliyobandikwa.

Kosa jingine ninaloliona mara kwa mara linaihusu Mwanza. Kwa kuwa safari ya 1931 inafahamika, wauzaji hupenda kuandika juu ya bahasha yoyote ya zamani ya kanda ya ziwa kwamba ilibebwa na ndege ya kwanza. Mnunuzi aanze na stempu na tarehe. Bahasha iliyotoka Mwanza mapema mwaka 1931 itakuwa na stempu za Tanganyika yenyewe, kwa kawaida zile zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano zilizotolewa mwaka 1927. Ikiwa ina stempu za pamoja za nchi tatu, haiwezi kuwa ya kabla ya 1935, hata muuzaji aape vipi. Ikiwa muhuri ni wa Mwanza lakini tarehe ni ya baada ya Januari 1932, basi barua haikuanza safari yake Mwanza kwa ndege ya njia kuu, na inafaa kuulizwa ilifikaje Kisumu au Dodoma kuikuta ndege. Mnunuzi aliyekatiwa stempu peke yake hawezi kuuliza hata moja ya maswali haya.

Kwa Zanzibar kuna kipimo kingine ambacho wenyeji watakielewa upesi. Zanzibar ilikuwa na posta yake na stempu zake zenye picha ya Sultani, na hadi mwisho wa mwaka 1935 ilihesabu kwa rupia. Tarehe 1 Januari 1936 ilihamia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo senti zilizoandikwa kwenye stempu ya 1935 ni senti za rupia, na zile za stempu za 1936 ni senti za shilingi. Anayejumlisha malipo ya bahasha ya Zanzibar bila kuangalia tarehe atapata hesabu isiyo sahihi, na atadhani mtumaji alilipa pungufu wakati alilipa sawasawa.

Nimesikia pia watu wakitupa bahasha kwa sababu haina stempu kabisa, au kwa sababu imechafuka na wino umetapakaa. Nawasihi wasifanye hivyo kabla ya kuitazama tarehe. Usiku wa 31 Desemba 1935 ndege ya Imperial Airways iliyoitwa City of Khartoum, ikitoka Krete, ilianguka baharini karibu kabisa na Alexandria. Watu 12 walikufa na rubani peke yake akaokoka. Barua zilizopatikana zilikuwa zimelowa, na maji ya chumvi hulainisha gundi mpaka stempu zikaelea zenyewe. Bahasha ya aina hiyo, isiyo na stempu na yenye madoa ya maji, ina thamani kubwa kuliko nyingi zilizo safi. Nayo ndege Corsair, iliyokuwa ikitoka Durban kwenda Uingereza kwa njia ya pwani yetu, ilipotea njia tarehe 14 Machi 1939 ilipokuwa imekwisha kuiacha Uganda, ikalazimika kutua katika mto Dungu karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji, ikagonga mwamba na kutoboka. Hakuna aliyekufa. Ilibidi mto ujengewe bwawa ili maji yawe na kina cha kutosha ndege kuruka, na haikuondoka huko mpaka Januari 1940. Ikiwa nyumbani kwa msomaji kuna bahasha yenye muhuri wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wa siku zinazokaribia tarehe hiyo, iliyofika Ulaya ikiwa na dalili za kulowa, naomba asiiguse kwa maji wala kwa mkasi.

Bahasha nzima hutulinda pia dhidi ya udanganyifu. Bei ya bahasha za ndege imepanda, na wapo wanaobandua stempu ya bei ndogo na kubandika ya bei kubwa mahali pale pale, au wanaochonga mihuri yao wenyewe. Kipimo cha kwanza ni kutazama kama wino wa muhuri umevuka kutoka kwenye stempu kuingia kwenye karatasi bila kukatika wala kuhama. Nami huiwasha tochi na kuilaza karibu na bahasha, mwanga upite juu yake kwa ubavu: alama ya gundi ya stempu iliyokuwapo awali huonekana kama kivuli chenye kingo zake, na mara nyingi kivuli hicho hakilingani na stempu iliyopo. Muhuri wa kweli ulipigwa kwa nguvu na karani mwenye haraka, na kwa kawaida huacha mbonyeo unaohisika upande wa pili wa karatasi kwa ncha ya kidole.

Mhariri, ningekuwa nazungumzia bahasha za maofisa na wafanyabiashara wa kikoloni tu, huenda msomaji angeuliza yanamhusu nini. Lakini zipo nyingine, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, walipigana Uhabeshi na Madagaska, wakapelekwa Ceylon, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma. Askari hao waliandika nyumbani, wengi kwa Kiswahili, wengine kwa mkono wa mwenzao aliyejua kusoma na kuandika. Bahasha zao mara nyingi hazina stempu, kwa sababu zilitoka kwa askari aliye kazini, na muhuri wake hautaji mji: una namba ya posta ya jeshi na tarehe, basi. Ofisa wa kikosi alizisoma kwanza na kuweka sahihi yake pembeni. Mtu asiyejua atauona muhuri huo wenye namba tupu, atakosa stempu ya kuuza, na ataitupa karatasi. Mtafiti anayejua atachukua namba na tarehe, atavilinganisha na orodha za posta za jeshi, na ataweza kuiambia familia babu yao alikuwa nchi gani mwezi ule. Familia ambazo babu zao hawakurudi kutoka Burma huenda zina karatasi hiyo moja tu yenye mwandiko wake.

Kuzitunza si kazi ya gharama. Bahasha ikae mahali pakavu, mbali na jua na mchwa, ndani ya bahasha nyingine safi au kati ya kurasa za daftari lisilotumika. Asiibandike mtu kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka njano na kuipenya karatasi, wala asiitie laminesheni, kwa kuwa joto la mashine haliwezi kutenguliwa. Barua iliyokuwa ndani ibaki na bahasha yake. Nimeona watu wakihifadhi barua kwa heshima na kuchoma bahasha, hali tarehe na mahali vimo kwenye bahasha. Yale ambayo wazee wa nyumba wanayakumbuka kuhusu mwandishi yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli, pamoja na jina la aliyeyasema, na yasiandikwe juu ya bahasha yenyewe. Anayetaka kuuza ana haki ya kuuza, lakini auze nzima, na apige picha za pande zote mbili kabla haijaondoka mikononi mwake.

Kwa taasisi zetu nina maombi mawili. La kwanza ni kwa idara za nyaraka za Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Huko Nairobi, katika jengo la Nyaraka za Taifa, wamehifadhi mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya na mpenzi mkubwa wa stempu, na huo ni ushahidi kwamba jambo hili linaweza kupewa heshima ya kitaifa. Naomba idara hizo ziwakaribishe wananchi kuleta bahasha zao zipigwe picha na kurudishiwa palepale, kwa sababu wengi wanaogopa kwamba wakizipeleka hawataziona tena. La pili ni kwa wenye dhamana ya kumbukumbu za posta. Posta ya nchi zetu tatu ilikuwa moja hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kwa hiyo matangazo ya zamani ya viwango na ratiba yanamhitaji mtafiti aulize katika nchi zaidi ya moja. Viwango hivyo vilitangazwa pia katika magazeti ya serikali, na magazeti ya kila siku yalichapisha saa ya kufungwa kwa mifuko ya barua za ndege na za meli. Vikipigwa picha na kuwekwa mahali pamoja, mwalimu wa historia wa sekondari yoyote ataweza kumpa mwanafunzi bahasha na kumwomba aeleze ilivyosafiri.

Kwako wewe Mhariri, naomba gazeti lako, pale linapochapisha picha ya bahasha au barua ya zamani, lichapishe upande wa nyuma pia. Na kwa wasomaji wa kusini nina ombi mahsusi. Lindi ilikuwa kituo cha ndege za majini kuanzia mwaka 1937, lakini bahasha zenye muhuri wa Lindi za miaka hiyo nimeziona chache mno kuliko za Dar es Salaam au Mombasa. Mwenye nayo, hata kama imechanika au haina stempu, tafadhali alete picha za pande zote mbili kwa gazeti hili, akionyesha vizuri tarehe ya muhuri, kibandiko kama kipo, na neno lolote lililoandikwa kwa penseli. Niko tayari kuichunguza bila malipo na kumwandikia mwenyewe kila nitakachokiona.

Ndimi msomaji wako,
Mstaafu wa posta,
Tanga